Pini Nne

Saa 1:35 asubuhi. Komeo la mlango wa nyuma wa karakana lilisukumwa kutoka ndani, na watu wanne wakabaki chumbani.

Chumba kilikuwa cha hatua sita kwa nne. Jiliwa la kubania vyuma lilifungwa kwenye meza ya mbao, pembeni ilisimama mashine ya kukereza vyuma, na dirisha la pekee lilipakwa rangi nyeupe kioo kizima ili mtu wa nje asione kitu. Chumba kilinuka oili iliyoungua na jasho la jana. Fundi, mwenye chumba, alikuwa ameizoea harufu hiyo kwa miaka kumi na saba.

Mwalimu alikuwa amechora bohari ya dawa kwa chaki sakafuni. Aliwahi kuwa mwalimu kweli, wa jiografia, kabla hajafukuzwa kazi. Hakusema alifukuzwa kwa nini, na hakuna aliyemwuliza mara mbili. Alishika fimbo ya pazia na kugonga geti la chaki.

"Breki. Sema."

"Saa tano kasoro tano naingiza gari. Tuna karatasi ya kuchukua mzigo. Mlinzi anafungua. Nageuza, pua ya gari inatazama nje. Sizimi injini."

"Ukizima?"

"Unanizima mimi."

"Kimya."

Kimya hakujibu kwa mdomo. Alionyesha kibanda cha mlinzi kwa kidole, kisha akabana viganja viwili pamoja kama mtu aliyefungwa kamba. Alikuwa na mwili wa kabati la nguo. Katika kazi sita alizofanya na kundi hilo, hakuwahi kumpiga mtu risasi. Watu walimwona, wakalala chini wenyewe.

"Fundi."

"Mlango wa chumba cha baridi ni wa chuma. Una kitasa cha namba. Siigusi namba, nakata bawaba kwa gesi. Dakika sita."

"Wiki iliyopita ulisema tano."

"Wiki iliyopita sikuwa nimeuona mlango."

Mwalimu aliguna, akaridhika. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na katoni thelathini za dawa ya saratani, kila moja ukubwa wa boksi la viatu. Mnunuzi alishapatikana. Wagonjwa waliokuwa wakizisubiri dawa hizo hawakutajwa na mtu.

"Haya, vyuma," Mwalimu alisema.

Hii ilikuwa kanuni ya kundi. Hakuna bastola iliyokwenda kazini bila kupita mikononi mwa Fundi. Aliichukua, akaivuta, akaisikiliza, akatamka neno moja. Akisema "nzima," mwenyewe aliichukua. Akikaa kimya, iliwekwa kando. Katika miaka minne hakuwahi kulimeza neno lake.

Bastola nne zililazwa kwenye kitambaa. Fundi aliichukua ya kwanza akawapa mgongo, uso ukielekea dirisha jeupe. Alivuta kitelezi cha juu ya mtutu, akakiachia. Kilirudi na mlio safi.

"Nzima."

Hakuigusa pini ya kufyatulia. Ingemchukua sekunde tano: kuvuta kitelezi nusu, kuisukuma pini kwa ncha ya msumari, kuona kama inatokeza mbele. Hakufanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, Mwalimu angeweza kutupa jicho. Pili, alijua atakachokiona. Pini hizo alizikata yeye.

"Nzima," alisema kwa ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Kila mtu achukue mguu wake wa kuku," Breki alisema, akiichomeka yake kiunoni. "Lakini tungezijaribu kidogo. Hata moja tu."

"Ukaijaribie wapi? Sokoni?" Mwalimu alimkata. "Fundi amesema nzima. Au humwamini?"

"Namwamini. Mama yangu pia namwamini, lakini chenji yake naihesabu."

Walicheka, wote isipokuwa Kimya. Fundi alicheka nao.

Saa 2:50 asubuhi. Fundi alikuwa peke yake, akifunga mitungi miwili ya gesi kwa kamba nyuma ya gari. Mikono ilifanya kazi, akili ilikuwa Jumatatu.

Jumatatu alikuwa ofisini kwa Afande, mkubwa wa polisi. Ofisi ya ghorofa ya tatu, feni isiyozunguka, mafaili yamepangwa mpaka madirishani. Moja ya mafaili hayo lilikuwa lake: kutengeneza silaha bila kibali, miaka kumi na tano akipatikana na hatia. Afande alilifungua kila walipokutana, akalifunga, bila kulisoma. Ilitosha.

"Bunduki zikitembea zinatuonyesha njia," Afande alikuwa amemwambia. Mtu wake, ambaye Fundi angemleta kama mwuzaji, angemuuzia Mwalimu bastola nne. Kundi lingekwenda nazo kazini. Polisi wangelikamata likitoka na mzigo: silaha mkononi, dawa garini, kesi isiyo na tundu. Faili la Fundi lingechomwa.

"Na mtu akipigwa risasi?"

"Atapigwa na nini? Wewe si ndiye fundi?"

Akampa bastola nne, tupa ya kusugulia chuma na nusu saa. Fundi alizifungua moja baada ya nyingine, akatoa pini ya kufyatulia, akaisugua mpaka ikapungua milimita mbili. Alipima kila moja kwa kipimo chake mwenyewe. Pini iliyopungua hivyo haifiki kwenye fataki inayowasha risasi. Utavuta mpaka kidole kiote sugu, hutasikia kitu zaidi ya "tik." Ilikuwa kazi safi. Aliiamini kama alivyoamini kwamba chuma ni kigumu.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Mlinzi wa zamu ya asubuhi pale bohari alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo.

Afande alimkataza kumwambia mtu yeyote. Alisema hivyo mara mbili. Jumanne jioni Fundi alikwenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa ameketi mlangoni akipiga rangi viatu vya kazi, brashi mkono wa kulia, kiatu kimevaliwa mkono wa kushoto kama glavu.

"Shemeji, umekuja kukagua kama dada yako anakula?" Shemeji alimkaribisha. "Anakula. Tatizo nakula mimi kidogo."

"Nisikilize. Wiki hii mtu akikunyooshea bastola pale getini, usihangaike. Hazipigi. Wewe lala chini, nyamaza, subiri."

Brashi ilisimama. Shemeji alikivua kiatu mkononi. Hakuuliza amejuaje, alimfahamu shemeji yake, na nyumba nzima ilifahamu kuna mambo hayaulizwi.

"Hazipigi kabisa?"

"Kabisa. Nimezishika mwenyewe."

"Sasa kama hazipigi, nilale chini kufanya nini? Nichafue sare? Dada yako aliipiga pasi jana."

Fundi alicheka. Baadaye hilo ndilo lililomkaa kooni kuliko mengine yote: kwamba alicheka.

Saa 4:55 asubuhi. Gari lilisimama mbele ya geti la bohari. Breki alitoa karatasi dirishani. Shemeji alitoka kibandani, akaisoma, akafungua geti. Viatu vyake viling'aa.

Gari liliingia, likageuka, pua ikatazama nje. Ua lilikuwa la saruji, lenye mifereji miwili na rundo la mbao za kubebea mizigo. Karani mmoja alikuwa akihesabu mapipa kivulini. Mwalimu, Kimya na Fundi walishuka kutoka nyuma ya gari, barakoa usoni, kofia zimeshushwa. Kimya alimwelekea mlinzi na kumnyooshea bastola kifuani. Karani akaanguka kifudifudi bila kuambiwa.

Shemeji hakulala.

Alimtazama Kimya. Kisha macho yake yalipita bega la Kimya, yakatua kwa Fundi, kwenye mikono yake yenye makovu ya cheche, ambayo barakoa haikuyafunika. Akamtambua. Tabasamu likamtoka, tabasamu la mtu aliyeambiwa siri akaitunza. Fundi alitikisa kichwa kumkataza. Alitikisa kwa nguvu. Shemeji akadhani ni ishara ya mchezo.

"We kabati," alimwambia Kimya. "Hebu lete hiyo kitu. Haipigi hiyo."

Akanyoosha mkono, akapiga hatua mbili mbele, akaushika mtutu.

Kimya alivuta mara mbili.

Saa ya ukutani kwenye kibanda ilionyesha saa 4:57. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa la bati. Shemeji aliketi chini taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, kisha akalala chali kwenye saruji. Sare yake ilianza kubadilika rangi kuanzia mkandani.

Fundi alifika kwake kwa magoti. Hakukumbuka kukimbia.

"Shemeji," mtu aliyelala chini alisema. Alikuwa bado na mshangao usoni. "Mbona..."

"Nyamaza. Usiseme. Watakuja sasa hivi."

Alimaanisha polisi. Magari mawili yalikuwa nyuma ya ukuta wa ghala la rangi, mita mia tatu kutoka hapo. Mita mia tatu mlio wa bastola husikika hata na mtu aliyesinzia. Aligeuza kichwa getini na kusubiri.

Hakuja mtu.

"Simama," Mwalimu alisema juu yake.

"Anakufa."

"Namwona. Simama. Mlango haujikati."

"Mwalimu, tuondoke tu, tumpeleke..."

Mtutu wa bastola uligusa nyuma ya sikio lake. Ulikuwa wa baridi. Fundi aliufikiria kwa sekunde moja kama kitu alichokitengeneza mwenyewe, kitu kilichokufa. Kisha akaona damu kwenye mifereji, akasimama.

"Dakika sita," Mwalimu alisema. "Halafu tutaongea."

Saa 4:59. Fundi aliwasha gesi. Moto ulitoka njano, akaurekebisha mpaka ukawa bluu na mkali. Alianza na bawaba ya juu. Chuma kiliwaka, kikachuruzika. Kwa pembe ya jicho aliona ua: Kimya alikuwa amepiga magoti kando ya mlinzi, ameitupa bastola chini, amevua shati na kulikandamiza kwenye tumbo la mtu aliyempiga risasi. Mikono yake mikubwa ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Bawaba ya kwanza ilikatika saa 5:01. Hakuna king'ora.

Ya pili saa 5:03. Hakuna king'ora. Alikuwa akikata vizuri. Alijichukia kwa hilo, kwamba mkono haukutetemeka, kwamba mstari wa moto ulinyooka kama uliochorwa kwa rula huku mume wa dada yake akimwagika hatua kumi na mbili nyuma yake.

Ya tatu saa 5:05. Mlango uliinama, ukaanguka ndani. Hewa ya baridi iliwapiga usoni.

Mwalimu hakuingia. Bastola ilikuwa imemwelekea Fundi kifuani.

"Vua barakoa."

Fundi alivua.

"Yule mtu alisema haipigi. Mimi nimesomesha watoto miaka tisa, namjua mtu anayebahatisha jibu na namjua aliyepewa. Yule alipewa." Sauti yake haikupanda. "Vyuma vililetwa na mtu wako. Vilikaguliwa na wewe. Ukageuka ukatupa mgongo, nikasema labda anataka mwanga. Yule mlinzi ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Shemeji yako." Mwalimu alilirudia neno hilo kama mtu aliyetafuna mchanga. "Kwa hiyo umetuuza. Ukatuletea vyuma vibovu. Na hao uliowauzia wakakuuza wewe, maana mimi naona vinapiga vizuri tu."

Kimya alikuwa amesimama nyuma yao. Hawakumsikia akija. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama Fundi, na akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mwili.

"Mimi uliniambia nzima."

Kimya alimsogezea viganja vyenye damu.

"Yeye ukamwambia haipigi. Mimi ukaniambia nzima. Sasa mimi nimeua mtu kwa ajili ya nani?"

"Breki!" Mwalimu alipaza sauti. "Pakia! Wewe Kimya, katoni!"

"Pakia mwenyewe," Kimya alisema. Akarudi kwa mlinzi, akaketi kwenye saruji, akaushika mkono wake.

Hapo ndipo king'ora kiliposikika. Saa 5:06.

Mwalimu alifyatua. Risasi ilipita shavuni kwa Fundi na kuondoka na kipande cha sikio la kushoto. Fundi alianguka juu ya mlango alioukata, ambao bado ulikuwa wa moto pembeni. Alisikia gari likikoroma, geti likigongwa, milio mitatu, minne, vioo. Gari la polisi lilikuwa limeziba njia. Breki alikutwa amelalia usukani, risasi shingoni, injini ikiwaka kama alivyoahidi. Mwalimu alipanda rundo la mbao, akaruka ukuta wa nyuma. Bastola yake alikwenda nayo.

Kimya alinyoosha mikono ili afungwe pingu kabla hajaambiwa.

Saa 5:31 Shemeji alifikishwa hospitali. Saa 5:38 daktari aliacha kumkandamiza kifua. Kwenye karatasi aliandika chanzo: kupoteza damu.

Saa 9:15 alasiri. Sikio limefungwa bandeji, Fundi aliketishwa kwenye meza ya ghala la silaha la serikali, ghorofa ya chini ya jengo lile lile la ofisi ya Afande. Mbele yake kulikuwa na bastola tatu: ya Kimya, ya Breki na yake. Afande alisimama. Mtunza ghala, mzee wa miwani minene na shati lililofungwa vifungo vyote, aliketi upande wa pili na daftari lake.

"Tueleze ulikosea wapi," Afande alisema.

"Nipeni kipimo."

Alifungua ya kwanza. Alitoa pini, akaiweka kwenye taya za kipimo. Akafungua ya pili. Ya tatu. Zote tatu zilikuwa na urefu kamili. Zote tatu zilikuwa mpya, na mafuta ya kiwandani bado yamezishika.

"Hizi si zangu," alisema.

"Za kwako zilikuwa na kasoro," mtunza ghala alisema, kwa upole, kama anayemsaidia. "Silaha hairuhusiwi kulala nje ya ghala bila hati, kwa hiyo Jumatatu jioni zilirudishwa kwangu. Jumanne nikazikagua, ndiyo utaratibu. Pini zote nne fupi. Silaha haitoki ghalani ikiwa na kasoro. Nikabadilisha." Aligeuza daftari ili Fundi asome. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. *Zimekaguliwa. Kasoro nne zimerekebishwa. Ziko tayari kwa matumizi.* Chini yake kulikuwa na sahihi mbili. Ya pili ilikuwa ya Afande.

"Ulisaini," Fundi alisema.

"Nasaini karatasi arobaini kwa siku."

"Na milio? Mlikuwa mita mia tatu. Dakika tisa."

Alijibu mtunza ghala, kwa kuwa daftari la redio nalo lilikuwa mezani kwake na alipenda vitu viwe sahihi. "Saa 4:57 gari la pili liliripoti milio miwili. Saa 4:58 jibu la Afande: silaha zile hazifyatui, huo ni mlango, subirini watoke na mzigo. Saa 5:03 gari la pili likaomba tena ruhusa ya kuingia. Jibu: subirini."

"Inatosha, mzee," Afande alisema. Akasukuma karatasi nyingine mezani, iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba pini zilikatwa na fundi wa nje, kwamba kazi yake haikufikia kiwango, kwamba fundi mwenyewe anakiri. Palikuwa na mstari wa sahihi. Juu ya karatasi Afande aliweka lile faili la miaka kumi na tano.

"Saini, tulichome hili. Ukatae, tulifungue. Na kuna kitu kingine humo sasa, kumwambia mlinzi. Nilikukataza mara mbili."

Fundi alichukua kalamu. Kwenye mstari wa sahihi aliandika namba tatu, urefu wa kila pini mpaka tarakimu mbili baada ya nukta, na neno moja: *mpya*. Akaiweka kalamu chini. Mtunza ghala aliinama, akazisoma zile namba, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni sahihi.

"Nipe mpaka jioni," Fundi alisema. "Dada yangu yuko hospitali."

"Mpaka saa kumi na mbili," Afande alisema. "Na usijisumbue kukimbia. Sikio hilo linajulikana mji mzima."

Saa 11:20 jioni. Dada aliketi kwenye benchi la kwanza la ukumbi wa chumba cha maiti, mfuko wa plastiki magotini. Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu. Fundi aliketi kando yake. Dada alimwegemezea kichwa begani, upande usio na bandeji.

"Kaka, wamekuumiza na wewe?"

"Kidogo."

Mhudumu alipita na ndoo, akapiga deki vigae, akapita tena.

"Yule karani wa bohari alikuja hapa," dada alisema. "Anasema mume wangu alikuwa anacheka. Bastola imemwelekea kifuani, anacheka, anaifuata. Karani anasema labda alirukwa na akili. Kaka, wewe unamjua. Yule hakuwa mwendawazimu. Yule alikuwa mwoga hata wa mbwa. Sasa alikuwa anacheka nini?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Nilimwambia hazipigi."

Kichwa cha dada hakikuondoka begani mara moja.

"Nani alimwambia?"

"Mimi. Jumanne. Pale mlangoni, akipiga rangi viatu. Nilizikata mwenyewe, nikajua hazipigi. Sikuzikagua tena."

Dada alinyanyuka. Alichukua mfuko wa viatu, akaupanga vizuri kifuani, akahamia benchi la pili na kuketi akiangalia ukuta.

Saa 11:52 jioni, dakika nane kabla ya muda aliopewa, polisi wawili waliingia ukumbini. Fundi alisimama bila kuomba kalamu, akawanyooshea mikono wamfunge pingu.